Mchumba Wangu Haitazami Tena Midomo Yangu

Mshauri wetu,

Salamu, na kabla hujaendelea kunisoma nakuomba ukae chini na uniahidi kwamba hutanicheka mpaka ufike mwisho, maana kila niliyemweleza jambo hili amecheka katikati, na rafiki yangu wa pale kazini anayepaka vanishi alicheka mpaka akamwaga kopo sakafuni, na mimi hapa nilipo chakula hakipiti, usingizi hauji, nimekonda hadi pete ya uchumba inanivuka kidole nikinawa mikono.

Mimi ni fundi wa makochi. Nashona vitambaa, najaza sponji, napiga pini, na kochi likitoka mikononi mwangu utalikalia mpaka wajukuu wako waje kulirukia. Meza yangu iko upande wa dirishani katika karakana ya samani, na upande wa pili ndiko kuna mashine za mbao, msumeno na ile ya kuranda, ambazo zikiwashwa hata unachowaza hukisikii. Umri wangu nimeshapita ule wa kuulizwa utaolewa lini, nimefika ule wa watu kuacha kuuliza, na sababu yake naijua tangu utotoni, ni midomo.

Ninayo midomo, mshauri. Shuleni waliniita Mito, eti nimebeba mito miwili usoni, na jina likanifuata mpaka kazini, na ona mambo haya, nikaishia kweli kushona mito. Dada yangu mkubwa, tumbo moja, baba mmoja, yeye alipewa kamdomo kama tundu la kifungo, na tangu nikiwa mdogo alinifundisha akidhani ananisaidia, "Ukipigwa picha, kunja midomo kwa ndani. Ukicheka, weka mkono." Basi nikaweka mkono. Nimezungumza na watu nimejiziba mdomo tangu nipate akili, wateja wengine wakadhani nina jino bovu, mmoja akanielekeza kabisa kwa daktari wa meno anayemjua.

Sasa akaletwa huyu fundi wa kuranda, karakanani tunamwita Randa, mgane, mtu mzima mwenye mabega na utulivu wake, na siku ya kwanza tu bosi alipomzungusha kutujulisha nikamwambia karibu, mkono ukiwa mdomoni kama kawaida yangu, yeye hakujibu, akaning'ang'ania usoni kama mtu anayengoja kitu, nikaona aibu, nikashusha mkono nikarudia, "Karibu sana," naye akanitazama midomo, mshauri, sisemi macho, sisemi kifua kama wengine, midomo, akaitazama kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, kisha akatabasamu akasema, "Asante sana, dada." Nilikwenda chooni nikajiangalia kwenye kioo nikidhani nina vumbi la mbao.

Halikuwa vumbi, maana kesho yake ilikuwa vilevile, na kesho kutwa. Ikifika saa ya chai anabeba kikombe chake anakuja mezani kwangu, ananiambia, "Kaa upande huu, mwanga ukuangukie," mimi nani, mwanamke gani wa makochi amewahi kuambiwa mwanga umuangukie? Nikisema neno yumo mdomoni, nikimeza chai yumo mdomoni. Rafiki yangu wa vanishi akanivuta pembeni akaniambia, "Shoga, yule anakula kwa macho, angalia asije akakumaliza." Nikamwambia aache upuuzi, lakini jioni hiyohiyo nilipitia dukani nikanunua rangi ya mdomo, kitu ambacho sikuwahi kununua maishani kwa sababu dada alisema nikipaka nitaonekana kama nimepigwa.

Nilianza na ya kahawia. Halafu nikapanda kwenye ile ya zambarau iliyokolea, halafu nyekundu. Siku ya nyekundu Randa aliweka kikombe chini akasema kwa sauti yake ile ya juu kidogo, karakana nzima ikasikia, "Hii, Mito! Hii ndiyo inaonekana vizuri kuliko zote." Nikaiva mpaka masikioni. Mkono mdomoni sikuweka tena. Nilianza kucheka wazi, nikaanza kuimba nikishona, wateja wakaanza kukaa kwangu muda mrefu kuliko ilivyo lazima, hata bosi alisema makochi yangu siku hizi yamekuwa na furaha, sijui kochi linakuwaje na furaha, lakini nilielewa.

Basi tukaanza kutoka. Tukienda kula anazunguka ukumbi mzima kutafuta meza yenye taa juu ya kiti changu, na mimi nasema moyoni huyu ni mwanamume wa aina yake. Umeme ukikatika ananyamaza, haongezi neno mpaka taa irudi, nami najua wanaume wengine gizani ndipo wanapoanza kazi, nikasema huyu ana adabu. Simu hapigi, anaandika ujumbe tu, nikasema ana haya. Tukitembea barabarani hatembei sambamba na mimi kama watu, anatangulia hatua moja amegeuka upande ananitazama mdomo, anatembea ubavuubavu, na siku moja alijigonga kwenye nguzo ya umeme, akasimama, akajishika paji la uso, akasema, "Endelea, ulikuwa unasemaje?" Mshauri, wewe ungefikiria nini? Mtu amepigwa na nguzo na bado anataka kuona midomo yako.

Na la kunifurahisha zaidi, dada yangu alipokuja karakanani kumchungulia akamsemesha na kale kamdomo kake, Randa alimtazama kama anayetazama ukuta, akasema "Naam?" mara ya kwanza, "Naam?" mara ya pili, ya tatu akageuka akaniuliza mimi, "Anasemaje?" Nilifurahi kwa roho mbaya kabisa. Maisha yangu yote sijawahi kuona mwanamume akimpita dada yangu kama kituo asichoshukia.

Akaniomba tuoane. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Akaja nyumbani kujitambulisha, amefuatana na dada yake, na kwetu msemaji ni mjomba, na mjomba ana sharubu, mshauri, si sharubu za mchezo, zimeshuka zimefunika mdomo wote, akinywa supu inabidi azichane. Wamekaa, wamekula, mjomba akajikohoza akauliza, "Kijana, uko tayari kumtunza binti yetu?"

Randa akainama kwa heshima akajibu, "Hapana mjomba, nashukuru, nimeshiba kabisa."

Mama akanitazama. Mjomba akadhani ni utani, akarudia kwa ukali kidogo, "Nauliza, unampenda kweli?"

"Kidogo tu," akasema Randa, "tena mwisho wa wiki, nisipokuwa na kazi asubuhi."

Mama akashika kichwa. Dada yangu akaanza kucheka, mkono hakuweka. Mjomba akasimama. Hapo ndipo dada yake Randa alipoweka mikono mapajani akasema, "Jamani, tusigombane. Kaka yangu mashine zimemla masikio, ni miaka sasa. Sauti anaisikia kwa mbali, maneno hayashiki. Anasoma midomo. Na huyu mzee," akaonyesha sharubu, "hana midomo."

Mshauri, wote walicheka, hata mjomba mwenyewe alicheka, posa ikapokelewa kwa sharti moja tu kwamba bwana aende hospitali, kila mtu akarudi kwenye soda yake akiwa na furaha, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimekaa pale na rangi yangu nyekundu nikihesabu upya kila kitu. Kiti chenye mwanga. Taa. Giza. Simu. Nguzo. "Hii ndiyo inaonekana vizuri." Inaonekana! Kumbe hakuwa ananitamani. Alikuwa anasoma. Mimi nilikuwa gazeti.

Nilipomuuliza kesho yake alinieleza bila kuficha, alisema aliogopa bosi akijua angemwondoa kwenye mashine, akasema samahani sana, kisha akataka kunipoza akazidi kuniua, "Midomo yako, Mito, ndiyo inayosomeka kuliko yote. Ni mikubwa, haina haraka, kila neno linatoka zima. Ya dada yako siiwezi kabisa." Yeye alidhani hiyo ni sifa. Gazeti lenye maandishi makubwa.

Nikarudi kwenye pini zangu. Akaenda hospitali, wakamtia kifaa cha kusikilizia, kidogo, kinakaa nyuma ya sikio. Sikatai, siku ile nililia na yeye. Alisikia birika likichemka akaliangalia kama limemwita jina. Alisikia njiwa wanavyotembea juu ya bati. Mimi nikamwambia, "Unanisikia?" akashtuka, akasema, "Kumbe una sauti nzito hivyo? Mimi nilikuwa nakuwekea nyembamba."

Na tangu siku hiyo, mshauri, midomo yangu haina kazi. Anakuja saa ya chai, anakaa upande wowote, mwanga uanguke usianguke. Naongea, yeye anatazama kikombe. Naongea, yeye anapiga msasa kipande chake cha mbao. Wakati mwingine nikiwa katikati ya maneno anafumba macho kabisa, anaegemea ukuta, na ananiambia, "Endelea tu, nakusikia." Nimepaka nyekundu, nimepaka ya waridi, siku moja sikupaka chochote kumjaribu, hakujua. Nimerudi kule nilikokuwa, mkono umeanza kupanda wenyewe.

Sasa ndipo ninapofika kwenye jambo lenyewe. Siku moja nilikuwa na hasira nikataka mkasi, nikamsemesha bila sauti. Nilichezesha midomo tu, "Nipe mkasi." Sijui nilitaka nini. Aliruka, akanitazama mdomoni kwa macho yale ya zamani, macho ya nguzo ya umeme, mwili ukanisisimka wote. Nikarudia tena bila sauti, akausoma, akanipa mkasi. Baada ya hapo nikashindwa kuacha. Si kila mara, hapa na pale, katikati ya sentensi nakata sauti, nabakiza midomo, naye anainuka kunitafuta usoni, na mimi nakunywa yale macho kama mtu mwenye kiu.

Lakini yeye anadhani kifaa kimeharibika. Amekitikisa, amebadilisha betri, amekirudisha hospitali, daktari akamwambia ni kizima. Amekirudisha tena, akaambiwa ni kizima, labda tatizo ni mishipa ya ndani, labda ni kichwani, waanze kupima kichwa. Jana amekwenda mwenyewe kwa bosi akamwambia amtoe kwenye mashine ya kuranda kwa sababu masikio yanakufa, sasa anafagia vumbi la mbao, fundi mzima, mafundi wengine wanampisha njia kama mgonjwa. Jioni akaniambia, "Mito, harusi tuiache. Leo sauti yako inapotea katikati, kesho itapotea yote. Sitaki nikufunge kwa mtu wa kubahatisha."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, na mshauri, Mungu wangu anajua sikufanya kusudi, sauti haikutoka. Akanitazama midomo, akasema, "Unaona? Hata sasa."

Nikimwambia, ataniacha kwa sababu nimemfanya mwendawazimu. Nisipomwambia, ataniacha kwa ajili ya huruma. Na hata akibaki, nitaolewaje na mwanamume ambaye midomo yangu aliitaka kwa ajili ya habari tu? Nisaidie.

Mimi, Mito

•

Mito mwanangu,

Nimejitahidi. Nimefika mpaka kwenye mjomba bila kucheka. Hapo kwenye "nimeshiba kabisa" nimeshindwa, nakuomba radhi, na nakushauri umsamehe na rafiki yako wa vanishi. Sasa nimemaliza kucheka, na usidhani utakipenda kinachofuata.

Barua hii sikuiweka foleni na nyingine. Nakujibu leo, kwa anwani ile uliyotuachia, kwa sababu harusi yako haiwezi kungoja gazeti litoke.

Kwanza tuongee kuhusu midomo, kwa kuwa ndiyo iliyokuleta. Sitakudanganya kwamba sura si kitu na kwamba watu hutazamana roho. Watu hutazamana midomo. Mimi niliolewa mara ya kwanza kwa sababu ya midomo ya mwanamume, ilichongwa vizuri ajabu, juu ina pindo, chini imejaa, nikikaa mbele yake akizungumza nilikuwa naiangalia kama mtoto anavyoangalia dirisha la duka la mikate. Kosa langu ni moja tu, sikusikiliza ilichokuwa inasema. Nilipokuja kusikiliza nilikuwa nimeshazaa. Kwa hiyo unaponiambia kuna mtu aliitazama midomo yako kutwa kucha asiachie neno hata moja, na wewe ukakasirika, nina haki ya kukuuliza umepotea njia wapi.

Unasema alikuwa anasoma tu. Haya. Pale karakanani mko wangapi? Bosi ana midomo, au hana? Aliisoma. Rafiki yako wa vanishi aliisoma. Wateja wote wanaoulizia vitanda na makabati aliwasoma. Mtu yule alikuwa anasoma midomo tangu asubuhi hadi jioni kama karani. Sasa niambie, alibeba kikombe cha chai kwenda kwa nani? Alijigonga nguzo kwa ajili ya nani? Kwenye sebule ya nani alikaa, mbele ya sharubu zile, akiwa hasikii neno, akijua wazi kwamba ataumbuka, na bado akaenda? Mtu haposi gazeti, bibie.

Na jambo jingine, ambalo limenifanya niiweke barua yako mezani nitoke nje kidogo. Umeandika kwamba ukizungumza siku hizi anafumba macho na kuegemea ukuta. Umeliandika kama shitaka. Mtu ameishi miaka bila sauti, dunia nzima kwake ni kelele za mbali, amepewa masikio, na kati ya sauti zote za dunia ameamua kufunga macho aisikilize ya kwako. Wewe ukaona anakudharau rangi ya mdomo. Una bahati mimi si dada yako, ningekufinya.

Lakini najua ulipotoka. Mtoto akifundishwa kujiziba mdomo kabla hajafundishwa kusoma, siku mtu wa kwanza akimtazama pale bila kucheka, atashika macho yale kwa mikono miwili, na akihisi yanaondoka atafanya lolote. Nakuelewa. Nakuonea huruma kabisa. Na ulichofanya ni kibaya vilevile.

Ni kibaya, Mito. Usijifunike na maneno "hapa na pale". Umemnyang'anya mtu masikio aliyokwisha kurudishiwa. Umemfanya abishane na daktari. Umemfanya fundi ashike ufagio mbele ya wenzake. Umemfanya aanze kukihofia kichwa chake mwenyewe, na hofu hiyo haiponi kwa betri mpya. Na sijagusa bado ile mashine yenye meno. Siku atakapokuwa ameinamia ubao, mtu ampigie kelele "Ondoa mkono!" naye aseme moyoni, "Ah, haya masikio yangu yameshaanza tena," unajua nini kitabaki kwenye ule ubao. Wewe ndiye unayefanya kazi pale, si mimi.

Kwa hiyo utafanya hivi, na utafanya leo, kabla hujala. Utamtafuta mahali penye mwanga. Usimwandikie ujumbe, usimtume dada yake, usimtume shoga yako mwenye vanishi. Utasimama mbele yake na utamwambia kwa sauti yako hiyo nzito, yote, kuanzia mkasi. Sauti ikigoma kama jana, meza mate, anza tena. Usilie kwanza, maana ukilia atakubembeleza na ukweli utapotelea hapo. Usimwambie "nilifanya kwa kuwa nakupenda." Mwambie ulichofanya, mengine atauliza mwenyewe akitaka.

Halafu mwache akasirike. Usimfuate nyuma, usimkumbushe kwamba na yeye alikuficha habari za masikio. Ni kweli alikuficha, na ana lake la kujibu, lakini hilo lina siku yake, na siku hiyo si leo. Yeye alificha udhaifu wake. Wewe ulicheza nao.

Kisha utakwenda kwa bosi, wewe kwa miguu yako, umwambie fundi wake ni mzima, arudishwe mashineni na kifaa chake sikioni, na kila mtu pale ajue kwamba kuna mtu wa kuitwa kwa sauti kubwa. Na utakwenda hospitali ukamtoe daktari kwenye kazi ya kupima kichwa kisicho na kosa. Ndiyo, kwa daktari pia. Utaona aibu. Hakuna aliyewahi kufa kwa hilo, ningekuwa nimeshazikwa.

Na lile swali lako, kama anaipenda midomo yako au anaisoma tu, usimuulize siku hiyo. Si kwamba halina maana. Lina maana, na mwanamke ana haki ya kuambiwa kwamba anatamanika. Lakini halina nafasi siku ambayo wewe ndiye mdaiwa. Ngoja. Siku nyingine, mkiwa mmetulia, muulize wazi, kwa maneno, kama mtu mzima. Hujawahi kumuuliza, umepima tu kwa rangi. Akijibu vizuri, vaa pete yako vizuri isianguke. Akijibu vibaya, nipigie mimi.

Na huo mkono ushushe, hata kama atakuacha. Midomo hiyo si yake, ni yako.

•

(Barua ya kwanza na majibu yangu tunayachapa leo kwa idhini ya mwenyewe, na tumeongeza hii aliyotuletea baadaye.)

Mshauri wetu,

Nilimwambia. Nilimkuta nyuma ya karakana akimimina vumbi la mbao kwenye gunia, nikasimama juani nikamwambia yote, na sauti ilitoka, ilitoka hata kupita kiasi, mafundi wakazima msumeno wasikilize. Alinitazama mpaka mwisho. Kisha akatoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akanigeuzia mgongo akaendelea kufagia. Ndipo nilipojua mtu asiyesikia akikupa mgongo amekufungia mlango.

Nilikwenda kwa bosi, bosi akanitukana, nilistahili. Randa akarudishwa mashineni. Saa ya chai alikunywa upande wake na mimi upande wangu. Dada yangu akasema nimejiponza mwenyewe, nikamwambia ni kweli. Nilishona makochi bila kuimba na wateja wakaacha kukaa.

Halafu asubuhi moja akaja mezani, amevaa kifaa chake na shati la kutokea, akasema, "Leo nina miadi hospitali. Utakuja kumwambia daktari kwa mdomo wako, kwa sababu mimi kule wananiona nina kichaa." Nikaenda. Njiani alitembea sambamba na mimi, hakunitazama, hakugonga kitu.

Daktari alinisikiliza, akaivua miwani, akaifuta muda mrefu, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Akasema bado inabidi wapime ili waandike kwamba mgonjwa ni mzima, na kwa kuwa sauti iliyopotea ni yangu, basi nipime mimi. Akanipa karatasi nyeupe, akaniambia niishike mbele ya mdomo nisionekane, nitamke neno moja moja, na Randa arudie.

Nikasema, "Kiti." Akasema, "Kiti."

Nikasema, "Dirisha." Akasema, "Dirisha."

Mshauri, sikupanga. Nikasema, "Nisamehe."

Randa akaikazia macho karatasi. Daktari akainua kalamu. "Hilo hukulisikia?"

"Nimelisikia vizuri sana," akasema Randa. "Ila hilo nataka na kuliona. Ondoa karatasi."

Nikaiondoa. Nililisema tena, na sikuwa nimepaka rangi yoyote siku hiyo, midomo ilikuwa imekauka na imepasuka kwa kukosa maji, na yeye akaitazama, kuanzia neno lilipoanza mpaka lilipoisha, halafu akaendelea kuitazama ingawa nilikuwa nimeshanyamaza na hapakuwa na kitu chochote cha kusoma.

Daktari akasema kipimo kimekwisha, tumpishe mgonjwa mwingine.